Kumtoa samaki mgonjwa kwenye tangi lenye mimea

Kwangu Njiro, samaki huugua zaidi Juni na Julai, baridi ya Arusha inapoingia hadi sebuleni, na umeme ukikatika hita nayo inazima. Ukimwona mmoja amekunja mapezi, amejitenga nyuma ya majani au anapanda juu kuhema, usikimbilie wavu. Andaa kwanza pa kumweka.

Natumia ndoo ya lita 20 isiyowahi kuguswa na sabuni. Naijaza lita 15 za maji ya tangi lenyewe, siyo ya bomba, ili joto na hali ya maji visimbadilikie ghafla. Ndani naweka hita ndogo, pampu ya hewa na kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia. Changarawe na mimea, hapana. Muhimu kuliko vyote ni sifongo: kata kipande kwenye filta ya tangi kubwa, maana kina bakteria wanaoondoa amonia. Bila hao, kinyesi chake mwenyewe kinaweza kumuua kabla ya ugonjwa.

Sasa kumkamata, na hapa naomba uwe na subira. Kumkimbiza na wavu kati ya mimea kunang'oa mizizi, kunatibua uchafu wa chini, na samaki aliyekwisha dhoofika anamalizika nguvu palepale. Subiri usiku. Zima taa za tangi saa moja au mbili kabla, samaki watulie. Punguza maji kwa mpira hadi yabaki theluthi moja. Majani yatalala, yaache yalale. Mmea kama Anubias uliofungwa kwenye gogo utoe pamoja na gogo lake, lakini wenye mizizi chini usiuguse. Washa tochi ya simu kwa pembeni, mwanga hafifu.

Kisha chukua chombo kinachoonyesha ndani, kwa mfano chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa shingo. Ilaze kwenye kona, mdomo ukimwelekea, uishike bila kutikisa. Kwa mkono wa pili msogeze polepole kwa wavu. Wavu ni wa kumwelekeza tu, aingie kwenye chupa mwenyewe. Funika mdomo kwa kiganja, mtoe akiwa ndani ya maji yake. Nasisitiza chombo kwa sababu wavu hukwangua ute wa ngozi, na huo ndio kinga yake. Kambare wadogo nao hunasa miiba yao.

Kwenye ndoo, siku ya kwanza asile. Kila siku badilisha theluthi ya maji kwa maji ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima ili klorini itoke, yakiwa na joto lilelile. Kwa mapezi yanayooza au kidonda, mimi huanza na chumvi ya kawaida, gramu 2 kwa lita, yaani gramu 30 kwa ndoo yangu. Iyeyushe pembeni, uimimine kwa awamu tatu ndani ya siku moja. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya yale uliyotoa tu. Kambare mpe nusu. Chumvi hiyo kwenye tangi kubwa ingeunguza mimea, na dawa zenye shaba zingeua konokono.

Pampu ya hewa isizimwe. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji yaliyopashwa hushika oksijeni kidogo zaidi. Umeme ukikatika, izungushie ndoo blanketi, na kila baada ya muda chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu.

Vile vidoa vyeupe kama chembe za sukari ni habari nyingine. Kimelea chake humwacha samaki, hushuka chini, hujigawa mara nyingi, kisha watoto wake huogelea kutafuta samaki mwingine. Kumtoa mmoja hakutoshi. Nahamishia samaki wote kwenye beseni kubwa lenye chumvi na kuliacha tangi na mimea yake kwa nyuzi 25 au zaidi, wiki mbili. Wasipopata samaki, hao watoto hufa. Maji yakiwa baridi mzunguko huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo hita ya tangi tupu nayo iendelee kuwaka.

Akipona, mwache ndooni wiki nyingine moja huku ukipunguza chumvi kila unapobadilisha maji. Kile kipande cha sifongo kitupe, na wavu uanike juani hadi ukauke kabisa.