Kasi na velositi: shika uzi kabla ya kikokotoo

Nafundisha fizikia ya sekondari hapa Kisumu, na kosa ninalolisahihisha zaidi kwenye mada ya mwendo si la hesabu. Mwanafunzi anagawanya vizuri kabisa, ila amegawanya urefu usio wenyewe. Kwa mazungumzo ya kila siku neno "kasi" linatutosha. Kwenye fizikia tunahitaji mawili: kasi inaeleza unakwenda haraka kiasi gani; velositi inaeleza hilo pamoja na upande unakoelekea.

Hatua ya 1: pima safari mara mbili

Tafuta ramani inayoonyesha barabara ya Kisumu hadi Kakamega. Bana ncha ya uzi kwa kidole pale Kisumu, kisha uulaze juu ya barabara ukifuata kila kona, upite Kiboswa na Chavakali hadi Kakamega. Tia alama ya kalamu kwenye uzi. Sasa, kidole kikiwa palepale, uvute uzi unyooke kutoka Kisumu hadi Kakamega. Alama yako itaupita mji. Usiharakishe hapa, waache wanafunzi wauone huo uzi uliozidi.

Kwa barabara ni takriban kilomita 50. Kwa mstari ulionyooka ni takriban 42, karibu kaskazini kabisa. Ile 50 ni umbali. Ile 42 kaskazini ni badiliko la mahali.

Hatua ya 2: gawanya kwa muda

Tuseme matatu imetumia saa 1 na dakika 15, yaani saa 1.25.

Kasi ya wastani: 50 ÷ 1.25 = kilomita 40 kwa saa.
Velositi ya wastani: 42 ÷ 1.25 = kilomita 33.6 kwa saa, kuelekea kaskazini.

Ukiacha "kuelekea kaskazini", hujaandika velositi.

Hatua ya 3: mrudishe dereva

Matatu inarudi Kisumu kwa muda uleule. Kaskazini tukikufanya chanya, velositi ya kurudi ni −33.6. Kasi ni 40 tena, kwa sababu kasi haiwi hasi. Kwa safari nzima, kilomita 100 kwa saa 2.5, kasi ya wastani ni 40 na velositi ya wastani ni sifuri.

Hapo darasa hukataa. Dereva amechoka, mafuta yameisha, sifuri imetoka wapi? Ndipo ninapomtaja Beatrice Chebet, mwanariadha wa Kenya. Tarehe 25 Mei 2024, mjini Eugene, Marekani, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 54.14, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29. Kasi yake ya wastani ilikuwa mita 5.77 kwa sekunde. Lakini alizunguka uwanja mara 25 na kumalizia kwenye mstari alioanzia, kwa hiyo velositi yake ya wastani tunaihesabu kuwa sifuri. Sifuri hiyo haimpunguzii lolote. Inajibu swali jingine: kutoka ulipoanza, sasa uko wapi?

Hatua ya 4: angalia kona

Matatu inazunguka raundabauti, mshale wa spidi umetulia kwenye 20. Kasi haibadiliki. Velositi inabadilika kila nukta, maana upande unabadilika, na velositi ikibadilika pana mchapuko, yaani kiasi velositi inavyobadilika kwa muda. Abiria wa dirishani anaujua: mwili wake ulitaka kwenda mbele moja kwa moja, gari likakata kona, akabanwa ubavuni.

Kumbuka pia kwamba kwa nukta moja ya wakati tarakimu ya kasi na ya velositi ni ileile. Zinaachana ukichukua wastani wa njia yenye kona.

Hatua ya 5: jaribu mwenyewe

Msichana anatembea mita 300 mashariki hadi kisimani, kisha mita 400 kaskazini hadi nyumbani, kwa sekunde 500. Chora mishale miwili kwanza, halafu mmoja kutoka alipoanza hadi alipofika.

Kasi ya wastani: 700 ÷ 500 = mita 1.4 kwa sekunde. Mshale wa tatu una urefu wa mita 500, hivyo velositi ya wastani ni mita 1 kwa sekunde, kwa pembe ya takriban nyuzi 53 kutoka mashariki kwenda kaskazini. Pembe hiyo ni sehemu ya jibu, iandike.