Namna ya Kujilinda Unapoishi Bwenini Chuoni

Mwanafunzi anayehamia bwenini aanze na mlango, kwa kuwa mwizi wa chuoni mara nyingi hahitaji kuvunja kitu: hupita koridoni, hujaribu kitasa kimoja baada ya kingine, na huingia pale ambapo mwenye chumba ametoka kwenda kuoga kwa dakika 5 tu. Funga kwa ufunguo kila unapotoka, hata kama unakwenda chumba cha jirani. Usimwache mtu usiyemfahamu apenye nyuma yako langoni kwa sababu tu unaona haya kumzuia. Mwelekeze kwa mlinzi kwa adabu, kwani kumhoji mgeni ni kazi yake, si yako.

Andika mapema namba ya utambulisho ya simu yako, yenye tarakimu 15, ambayo huonekana ukibonyeza *#06#. Itunze nje ya simu hiyohiyo (wengi hulisahau hilo), kwa kuwa ndiyo itakayohitajika unaporipoti wizi.

Ukitoka maktaba usiku, fuata njia yenye taa hata ikiwa ndefu zaidi, tembea na mwenzako, na uvue visikizi masikioni ili usikie hatua zilizo nyuma yako. Namba ya ofisi ya ulinzi ya chuo ihifadhi kichwani pia, maana huenda simu ndiyo iliyoibwa.

Ukitishwa kwa silaha, toa kinachodaiwa bila ubishi, kariri mavazi ya mhalifu na upande alikokimbilia, kisha utoe taarifa mara moja.