Somo: Kutayarisha wanafunzi kwa kipindi cha redio ya mtaani

Somo hili ni la walimu wa klabu na wazazi wanaopeleka wanafunzi kwenye redio za mtaani hapa Nairobi: Koch FM kule Korogocho, Pamoja FM Kibera, Ruben FM Mukuru kwa Ruben, au kituo chochote kilicho karibu na shule. Hesabu zote ni za kipindi cha dakika 30 na wanafunzi 6 wa gredi ya 7 hadi 9.

Vipindi vingi vya wanafunzi huharibiwa na insha. Mtoto hupewa karatasi aliyoandikiwa na mwalimu, akaikariri kwa sauti ya gwarideni, na msikilizaji akahama stesheni kabla ya dakika ya tatu. Ndiyo maana hatua ya 3 ni ndefu kuliko nyingine.

Hatua ya 1: Kituo na ruhusa (wiki 4 kabla)

Nenda kituoni mwenyewe, usipige simu tu. Muulize msimamizi wa vipindi mambo matatu: kipindi ni cha moja kwa moja au kinarekodiwa, studio ina maiki ngapi, na baada ya matangazo na muziki zinabaki dakika ngapi. Nusu saa ya ratiba mara nyingi hubaki dakika 24 hivi. Maiki zikiwa 3, wanafunzi 6 wataingia kwa zamu, na zamu hiyo lazima ifanyiwe mazoezi.

Beba barua ya mwalimu mkuu na idhini ya mzazi kwa kila mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Fomu iwe na visanduku vitatu tofauti: sauti, picha, na kuwekwa mtandaoni. Kosa la kila mara ni mzazi kukubali sauti, kisha picha za studio zikapandishwa mtandaoni jioni hiyohiyo.

Jambo jingine linalowakera wazazi: redio kadhaa za mtaani Nairobi hutumia masafa yaleyale, 99.9 FM, kila moja kwa nguvu ndogo inayotosha mtaa wake tu. Mzazi anayefanya kazi Industrial Area hatamsikia mwanawe anayeongea Kibera. Atasikia mikwaruzo au kituo kingine kabisa. Waambie mapema, na uombe nakala ya kipindi.

Hatua ya 2: Mada na kazi

Mada iwe nyembamba. "Usafi" haifai, "kwa nini mifereji ya shuleni haina maji siku mbili kwa wiki" inafaa, kwa sababu ina watu wa kuulizwa. Gawa kazi hivi: waongozaji 2, wakusanyaji wa sauti 2, mshika saa 1, wa akiba 1. Mshika saa asichukuliwe kama aliyekosa nafasi. Yeye ndiye anayeinua kadi za dakika zilizobaki, "5" na "2", kisha "funga", na bila yeye kipindi hukatwa katikati ya sentensi.

Hatua ya 3: Skripti ya sikio (wiki 3 kabla)

Andika kikamilifu vitu vitatu tu: ufunguzi, maneno ya kuunganisha sehemu, na kufunga. Mengine yawe hoja fupi kwenye kadi. Mwanafunzi aliyetulia husoma maneno 100 hivi kwa dakika, kwa hiyo dakika 6 za maandishi ni maneno 600. Mpime wako kwa saa ya simu, wengine hukimbia hadi 140.

Tazama sentensi hii: "Uhaba wa maji ni changamoto inayowakumba wakazi wengi wa mtaa wetu." Ni sahihi, lakini haina mtu ndani. Mwulize aliyeiandika, "Wewe asubuhi ulifanya nini?" Atajibu: "Niliamka saa kumi na moja. Nikapanga foleni na mitungi miwili. Nilipofika shuleni, kengele ilikuwa imelia." Hayo ndiyo maneno ya redio. Yaandike jinsi alivyoyasema, usiyapambe. Mwache aseme hadithi mdomoni kwanza, kalamu ifuate.

Sentensi moja isizidi pumzi moja. Nambari ziandikwe kwa maneno. Angalia sana saa: barua ya kituo ikisema 4:00 jioni, skripti iseme "saa kumi jioni", la sivyo mtoto atasoma "saa nne" hewani na wasikilizaji watapotea.

Chapa kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, bila pini. Sentensi isivuke kurasa. Karatasi iliyobanwa hupiga kelele inapogeuzwa. Karatasi huru huteleza tu mezani.

Hatua ya 4: Kukusanya sauti kwa simu

Weka simu katika hali ya ndegeni kabla ya kurekodi. Simu ikiingia hukata rekodi, na mtandao ukitafuta mnara unaweza kuacha mlio wa ti-ti-ti. Simu ikae shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili hewa ya "p" na "b" isiigonge. Mfanyie jaribio kwa "baba alipika pilau". Ukisikia mgoto, sogeza.

Darasa la mabati halifai mvua ikinyesha, na mchana wa jua bati hutoa milio likitanuka. Tafuta stoo yenye magodoro au kona ya maktaba, utundike blanketi nyuma ya msemaji. Kabla ya kuondoka, rekodi sekunde 30 za kimya cha chumba hicho. Mhariri atazitumia kuziba mahali alipokata. Faili itume kituoni kama faili, si kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana huo hubanwa na kupoteza ubora.

Hatua ya 5: Mazoezi na studio

Mazoezi 3 yanatosha. Ya nne huwarudisha kwenye kukariri. La mwisho lifanywe kwa muda kamili, wamekaa. Siku yenyewe fikeni dakika 45 mapema, watu wazima 2, maji ya kawaida ya kunywa. Maziwa na soda yangoje hadi mwisho. Bangili zivuliwe. Kila mtu aambiwe: maiki ichukuliwe kuwa iko hewani hadi fundi mitambo aseme imezimwa.

Maswali ya walimu, wazazi na wanafunzi

*Mwalimu wa klabu, Mathare: Wanafunzi wangu hunoga kwa Sheng. Niwaruhusu?*

Ndiyo, mwalimu, katika maigizo na mazungumzo. Ghetto Radio imejijengea jina kwa Sheng. Lakini Sheng ya Mathare si ya Kawangware, na bibi nyumbani pia anasikiliza. Tarehe, mahali na namba za simu zisemwe kwa Kiswahili. Muulize msimamizi kwanza.

*Mzazi, Kayole: Binti yangu atatajwa jina kamili?*

Hapana, mama. Jina la kwanza na gredi yatosha. Mtaa anakoishi, njia anayopita na saa anayotoka shuleni visisemwe. Mada ikigusa dhuluma, asihojiwe mtoto aliyedhulumiwa. Aitwe mtaalamu, na namba ya bure ya watoto, 116, itajwe mara mbili.

*Mwanafunzi, Dagoretti: Nikikwama hewani nifanye nini?*

Vuta pumzi, rudi mwanzo wa sentensi, endelea. Usiseme "samahani". Sekunde mbili za kimya wewe huziona ndefu, msikilizaji hazitambui. Mkubaliane na mwenzako ishara: ukigusa meza, yeye anaendelea.

*Mwalimu, Mukuru: Tulipokea simu za wasikilizaji, ukatokea mlio mkali. Shida ni nini?*

Mpigaji alikuwa na redio yake imewashwa karibu na simu. Sauti ya redio iliingia kwenye simu, ikarudi hewani, ikazunguka. Mwongozaji aseme kabla ya kila simu: "Ukipiga, zima redio yako." Na simu zipokelewe na fundi kwanza, ajue mpigaji ni nani na anataka kusema nini. Kanuni za utangazaji nchini zinahesabu saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kuwa saa za watoto kusikiliza, kwa hiyo fundi awe na kidole tayari kukata maneno yasiyowafaa watoto.

*Mzazi, Kibera: Tunaweza kuweka wimbo unaovuma wakiingia?*

Hewani, kituo ndicho chenye jukumu la leseni za muziki, muulizeni. Nakala ikipandishwa mtandaoni ni jambo jingine, huweza kuondolewa. Rekodini kwaya ya shule, sekunde 20, ngoma na makofi. Makofi yapigwe mbali na simu, hatua 3 hivi. Karibu zaidi yatapasuka.