Mambo ya kuzingatia kabla ya kufuga trauti kwa akwaponiki

Trauti aliletwa Kenya na walowezi wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo anaishi katika mito ya baridi inayoteremka kutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare. Anayetaka kumfuga pamoja na mboga kwa akwaponiki, yaani mfumo ambao maji yaleyale huzunguka kati ya tangi la samaki na vitanda vya mimea, atambue mapema kwamba hali ambazo sato na kambare huzivumilia kwa siku kadhaa zinaweza kumuua trauti kwa muda wa saa chache.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni joto la maji yenyewe, wala si la hewa. Trauti wa upinde wa mvua hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 12 na 16 za Selsiasi; yakizidi 20 hupoteza hamu ya chakula, na yakikaribia 25 maisha yake yamo hatarini. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata bomba moja, jaza pipa mahali tangi litakapokaa, kisha upime maji yake alfajiri na tena saa tisa alasiri katika miezi ya Januari na Februari, kwani ukipima Julai karibu kila shamba la mlimani litaonekana linafaa. Wapo wanaoliweka tangi ndani ya kitalu nyumba ili kuokoa nafasi, na kwa trauti huo ni uamuzi mbaya. Tangi likae nje kivulini, ikiwezekana lifukiwe nusu ardhini, na mabomba yafunikwe, maana maji hupata joto jingi yanapopita katika mabomba meusi na vitanda vyenye kina kifupi.

Oksijeni inahitaji hesabu ya makini zaidi, na nadhani hapa ndipo wengi hujidanganya, kwa sababu mwinuko uleule unaotupatia baridi ndio unaotupunguzia oksijeni. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi 15 hushika takriban miligramu 10 za oksijeni kwa lita. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hushika karibu 8 tu, na yakifika nyuzi 20 hubaki kama 7. Trauti hapaswi kukaa chini ya 6, naye huhitaji oksijeni nyingi zaidi maji yanapopata joto na baada ya kula. Basi chakula kitolewe asubuhi kungali na baridi, na pampu ya hewa iwe na betri ya akiba, kwa kuwa umeme ukikatika tangi lenye samaki wengi halina muda mrefu wa kusubiri.

Chanzo cha maji nacho kina mambo yake. Maji ya bomba yana klorini, ambayo hata kidogo sana humdhuru trauti, kwa hiyo lazima iondolewe kabisa kwanza. Maji ya kisima kirefu mara nyingi hutoka yakiwa na oksijeni kidogo, hivyo yatiririshwe hewani kabla ya kuingia tangini. Ya mvua huonekana salama kuliko yote, lakini yakikingwa kwenye mabati huweza kubeba zinki, na zinki ina sumu kali zaidi katika maji laini kama hayo.

Kichujio ndicho kinachohitaji subira. Bakteria wanaoishi ndani yake na kugeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, kisha nitrati inayolisha mimea, hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30; katika maji ya trauti hufanya kazi polepole, hivyo kichujio kiwe kikubwa kuliko kile cha sato, na maandalizi yanayochukua wiki nne hadi sita kwenye joto yatarajiwe kuzidi miezi miwili. Kazi yao pia huzalisha asidi, na maji laini ya milimani hayana uwezo mkubwa wa kuizuia pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapoongezeka) isishuke. Lengo ni pH ya 6.8 hadi 7. Ikishuka, mfuko wa makombe yaliyopondwa huipandisha taratibu. Usiipandishe kwa ghafla amonia ikiwa imerundikana, kwa sababu kutoka pH 7 hadi 8 sehemu yake yenye sumu huongezeka karibu mara kumi.

Kuhusu mimea, saladi, spinachi na sukuma wiki hustawi katika maji hayo, ilhali nyanya hudumaa. Vifaranga viagizwe vipimo vya amonia na nitriti vinapokuwa vimebaki karibu na sifuri siku kadhaa mfululizo huku bakteria wakiendelea kulishwa amonia. Na vikifika, mifuko ielee tangini hadi joto la maji yake lilingane na la tangi, ndipo vifunguliwe.