Kumchora adui aliye pacha wa shujaa: mfano wa Kibirizi, Kigoma

Mwambie mchoraji wa katuni anayeanza kwamba shujaa wake ana nguvu ya taa, naye atakuchorea adui wa giza: vazi jeusi, macho mekundu, kicheko kirefu. Kwa msomaji wa Kigoma adui huyo ameshindwa kabla ya fremu ya kwanza. Aliyekaa Kibirizi au Katonga anajua kwamba giza ni rafiki wa mvuvi. Dagaa huvuliwa usiku: taa inawakusanya karibu na mtumbwi, kisha wavu unainuliwa. Mwezi ukipevuka, mwanga unatanda ziwa zima, dagaa hawana tena sababu ya kukusanyika penye taa, na wavuvi wengi hupumzika nyavu zikiwa zimeanikwa. Kinachoishinda taa ni mwanga mwingine, mkubwa kuliko wake.

Hapo ndipo adui pacha anapozaliwa. Ana kile kile alicho nacho shujaa, ila amekipeleka kwingine. Katika mwongozo huu tutamtengeneza mmoja tangu mwanzo hadi kijitabu kikunjwe na kubanwa pini. Shujaa wetu ni Zawadi wa Kibirizi, ambaye kiganja chake kinawaka kama karabai. Adui wake ni Hamisi, mtoto wa baba yake mkubwa, anayejiita Mbalamwezi.

Anza na kinachofanana

Chukua karatasi, igawe kwa mstari katikati, na kabla ya kuchora chochote andika kwanza mambo matatu wanayofanana: chanzo cha nguvu, jeraha, na mtu au kitu wanachokipenda. Kisha andika jambo moja tu wanalotofautiana, nalo liwe uamuzi. Likiwa sura au kabila au utajiri, umepata mgomvi wa kawaida tu.

Kwa mfano wetu: baba zao walikuwa mtu na mdogo wake, wakazama usiku mmoja katika mtumbwi mmoja. Taa ya mtumbwi ule ilipoopolewa, watoto wote wawili waliigusa, moto ukawaingia. Wote wanawapenda watu wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Zawadi anawasha kiganja ili mitumbwi ivue na irudi salama. Hamisi anaangaza ziwa zima kila usiku ili pasiwe na uvuvi kabisa, na pasiwe na mtoto mwingine wa kusubiri mtumbwi usiorudi.

Sasa fanya jaribio. Andika lengo la adui kwa sentensi moja, bila maneno kama "ubaya", "kisasi" au "kutawala dunia". Msomee mtu asiyeijua hadithi. Akisema "lakini naye ana haki", endelea. Asiposema, rudi kwenye karatasi yako, kwa sababu hakuna uchoraji mzuri utakaomwokoa adui asiye na hoja.

Wachoraji wa katuni wa Marekani wamelifanyia kazi jambo hili miaka mingi, na inafaa kuangalia walivyolifunga. Sinestro, aliyetokea mwaka 1961 kama adui wa Green Lantern, alikuwa askari wa kikosi kile kile cha shujaa. Alifukuzwa kwa sababu aliwatawala kwa mabavu watu aliopewa awalinde. Reverse-Flash wa mwaka 1963 ni mhalifu wa karne ya 25 aliyelipata vazi lenyewe la Flash, shujaa wa mbio, na kuichota kasi yake humo. Venom, aliyejitokeza kwa ukamilifu mwaka 1988, ni vazi ambalo Spider-Man alilikataa, likampata mtu mwenye chuki naye. Na kwa kuwa liliwahi kumvaa shujaa, ile hisia ya hatari inayomwonya Spider-Man haimwonyi dhidi ya Venom. Hapo pana somo la ufundi: undugu wa adui na shujaa usiishie kwenye maelezo. Ufanye kazi ndani ya pambano.

Vazi: doti moja, watu wawili

Reverse-Flash anavaa njano yenye radi nyekundu, mwenzake nyekundu yenye radi ya njano. Ukichapisha kwa rangi, mchezo umekwisha hapo. Lakini kijitabu chetu kitatolewa kopi nyeusi na nyeupe steshenari, na mashine haijui njano: mara nyingi huitoa kama karatasi tupu, huku nyekundu ikitoka karibu na nyeusi. Kwa hiyo tafuta kinyume kinachoonekana bila rangi.

Kanga inatupa hicho bure. Doti ina vipande viwili vinavyofanana kila kitu: pindo, mji na jina. Bibi amekata doti moja, kila mjukuu akapata kipande chake. Zawadi amejifunga chake kiunoni, upande wa rangi ukiwa nje. Hamisi amekitupa begani, ndani nje. Kanga ikigeuzwa, maua hupauka na jina husomeka kinyumenyume. Jina tulilochagua ni methali, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo", kwa sababu litakuja kubeba siri ya hadithi huko mbele.

Kuchora: mchoro wa kwanza uwe wa Zawadi, kwa penseli ya bluu hafifu, maana bluu nyepesi kwa kawaida haionekani kwenye kopi, hivyo huna haja ya kufuta. Pitisha wino. Sasa geuza karatasi, iweke kwenye kioo cha dirisha mchana, na juu yake karatasi safi. Nakili mkao na maandishi ya kanga. Umepata Hamisi aliye kioo cha Zawadi, na jina lililogeuka bila kuumiza kichwa herufi moja moja. Mistari ya kanga yake ifanye myembamba, 0.2 mm hivi, ya Zawadi 0.5 mm, hiyo ndiyo "kupauka" kwa mashine ya kopi. Jina lisomeke katika fremu mbili tu za kijitabu kizima. Kwingine weka vidoti, la sivyo utamaliza mwezi mzima ukiandika kanga.

Kisha wajaze wote wawili weusi mtupu, wakiwa na urefu wa sentimita 2. Ukishindwa kuwatofautisha, badilisha umbo la kichwa au urefu wa kanga. Ufanano wa kupita kiasi ni kosa la kawaida kuliko linavyodhaniwa, na msomaji akiuliza "huyu ni nani?" katikati ya pambano, pambano limekufa.

Mwanga usoni

Tuchukue muda hapa, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Zawadi anashika mwanga kiganjani. Kiganja kikiwa usawa wa kiuno, mwanga unampiga usoni kutoka chini: kivuli cha pua kinapanda, matundu ya macho yanageuka, na uso wa binti mwema unatisha kama wa mchawi. Hamisi, ambaye mwanga wake unatoka juu, anapendeza kama picha ya studio. Umewabadilisha bila kutaka.

Dawa yake ni kuinua mkono wa Zawadi hadi usawa wa bega, na kuuweka pembeni, kama mtu anayemmulikia mwenzake njia. Kivuli kinaangukia upande mmoja wa uso, macho yanabaki wazi. Kwa Hamisi, sogeza mwanga nyuma kidogo ya utosi, ili paji liwe jeupe kabisa na macho yazame kivulini. Hana ubaya usoni. Haonekani macho tu. Hilo linatosha.

Ziwa la usiku nalo lina mtego wake. Ukilijaza weusi mpana, mashine hutoa kijivu chenye michirizi. Vunja weusi kwa mistari myeupe ya mawimbi, mmoja kila sentimita 1 hadi 1.5. Katika usiku wa Hamisi fanya kinyume: maji meupe, mawimbi meusi. Msomaji ataujua usiku wa nani kabla hajasoma neno. Kivuli cha penseli usikitegemee popote, maana kopi hukila.

Maneno

Bizarro, nakala mbovu ya Superman iliyotokea mwaka 1958, husema kila kitu kinyume. Kwa Kiswahili mchezo huo huchosha kufikia ukurasa wa pili. Afadhali waseme maneno yale yale kwa nia tofauti. Hamisi ni mkubwa, kwa hiyo amwite Zawadi "mdogo wangu", na Zawadi amwite "kaka" hata wakiwa wanapigana. Adui anayetukana ni rahisi kumchukia, anayesema "Mdogo wangu, umekula?" huku mitumbwi yote imelala mchangani, huyo anauma.

Kiputo kimoja cha usemi kisizidi maneno 20. Herufi ziwe na urefu wa milimita 4 kwenye A4, kwa sababu tutapunguza hadi asilimia 71 kupata A5, nazo zitabaki karibu milimita 3. Chini ya hapo, msomaji wa jioni hatasoma.

Kurasa nane

Karatasi mbili za A4 zikikunjwa hutoa kurasa 8 za A5; jalada liwe manila ya peke yake. Mpangilio: karatasi ya nje ina 8 na 1 upande mmoja, 2 na 7 upande wa pili, ya ndani ina 6 na 3, kisha 4 na 5. Angalia hizo mbili za mwisho. Ndizo pekee zinazotazamana zikiwa kwenye karatasi moja isiyokatika, kwa hiyo mkutano wa mapacha uwekwe hapo: Zawadi ukurasa wa 4, Hamisi wa 5, mkunjo ukiwa kioo kati yao. Nyuso zikae sentimita 1.5 mbali na mkunjo, pini zisije zikawatoboa. Fremu ya mwisho ya ukurasa wa 3 iwe swali, ili kufunua ukurasa kuwe ndiyo jibu.

Ukurasa wa 2 unabeba mbegu: Zawadi anafumba kiganja alale, na mbali juu ya ziwa mwanga wa Hamisi unafifia kidogo. Usieleze. Rudia ukurasa wa 6, safari hii Zawadi akiwa anaona. Moto wao ni mmoja, kinga na kinga.

Pambano la mapacha haliwezi kumalizwa kwa nguvu, kwa kuwa nguvu ni sawa. Kila Zawadi anapowaka zaidi, ziwa linazidi kung'aa na dagaa wanazidi kutawanyika, anamsaidia adui. Ukurasa wa 7 mpe jambo ambalo Hamisi hawezi kulifanya: anazima. Fremu tano zinazopungua mwanga, ya mwisho nyeusi yenye mstari mmoja mweupe wa wimbi. Ukimfanya ashinde kwa mwali mkubwa zaidi, umefuta kurasa sita za kwanza. Ukurasa wa 8: giza, mtumbwi wa kwanza unasukumwa majini, na Hamisi amekaa mchangani na kanga mapajani, akiigeuza upande wa rangi.

Steshenari

Acha ukingo wa sentimita 1.5 kwenye A4 za michoro. Mashine nyingi humega milimita 4 au 5 pembeni. Bandika kopi za A5 mbili mbili juu ya A4 kupata karatasi mama, na kingo za mabandiko zipake rangi nyeupe ya kufutia, la sivyo zitatoka kama nyuzi nyeusi. Toa nakala moja ya pande mbili, ikunje, ihesabu kurasa, ndipo uagize 50. Kurasa zikitoka kichwa chini upande wa pili, mwambie mhudumu azungushe karatasi kwa kufuata ukingo mfupi.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo, ulio karibu sentimita 15 kutoka ukingoni. Ifungue mdomo, laza kijitabu juu ya kipande cha godoro, gonga pini mbili kwenye mkunjo, kisha zikunje kwa mgongo wa kijiko.