Kabla Hujapanda Kuiona Barafu ya Kilimanjaro

Kila ifikapo Novemba simu zinaanza: "Kaka, safari hii tunataka kupanda tuione barafu kabla haijaisha." Karibuni. Ila msije na pupa ya mtu anayewahi basi la mwisho. Watafiti waliwahi kukadiria kwamba kufikia 2020 kileleni kusingebaki kitu. Mwaka huo umepita na mapande bado yapo. UNESCO nao walisema mwaka 2022 kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itatoweka ifikapo 2050. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilometa za mraba 12. Kufikia 2007 hazikufika hata 2. Inaondoka, hilo halina ubishi. Lakini haiondoki Jumanne ijayo, na wewe bado hujanunua viatu.

Tuanze na viatu basi. Vivae mwezi mzima kabla, hata sokoni. Glovu jozi mbili. Tochi ya kichwani, na betri za akiba ulale nazo mwilini kwa sababu baridi ya juu inazimaliza. Chukua siku saba, si tano, hata kama tano ni rahisi mfukoni. Kichwa kikiuma sema, usijifanye mgumu. Wagumu ni wapagazi, na wao pia huumwa. Basi, hayo utayasikia kwa kila mtu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kile wanachokwenda kutazama. Mvua za vuli zikipiga, Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, inaamka nyeupe yote, na siku hiyo hiyo picha zinasambaa mtandaoni: barafu imerudi! Haijarudi. Hiyo ni theluji ya jana, jua la siku chache linaifuta. Barafu yenyewe ni ile iliyokaa karne kwa karne. Vipande vilivyochimbwa mwaka 2000 kwenye uwanda wa barafu wa kaskazini vilikadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 11,000. Kwa hiyo usipangie safari yako picha ya theluji. Ukipandia kambi ya Barafu utatokea Stella Point, kwenye ukingo wa kreta. Ukigeuka kuelekea Uhuru, ncha ya juu kabisa, mkono wa kushoto utaziona barafu za Rebmann, Decken na Kersten zikining'inia upande wa kusini, na kulia, ndani ya kreta, utaona mabaki ya barafu ya Furtwängler. Tazama wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi utakuwa unatazama vidole vyako vya miguu.

Maji. Kambi inaitwa Barafu, na mgeni anadhani atachota maji ya barafu. Hakuna tone. Maji yanabebwa mgongoni kutoka bonde la Karanga, saa kadhaa za kutembea, na mgumu mwenye shingo kama yako. Kwa hiyo usiombe maji ya kunawa miguu pale. Lita tatu za usiku wa kupanda kileleni ziwe tayari jioni, na chupa igeuzwe kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu na mdomo ukiganda huna maji.

Sasa kaa chini, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Kule juu hali ya hewa kwa kawaida ni chini ya nyuzi sifuri. Barafu haichuruziki kama ya kwenye friza iliyokatiwa umeme. Sehemu kubwa hupaa moja kwa moja kuwa mvuke, bila kupita kwenye maji, kwa ukavu wa hewa na ukali wa jua. Greenland na Uswisi hewa yenye joto ndiyo inayoyeyusha. Kwetu shida kubwa ilianza na ukame tangu mwishoni mwa karne ya 19: mawingu kutoka Bahari ya Hindi yanaleta theluji kidogo, barafu inakosa shuka jipya jeupe la kurudisha jua, basi inaliwa ubavuni. Ndiyo maana kingo zake zinasimama wima kama ukuta uliokatwa kwa msumeno.

Lakini barafu haikuwa pambo tu. Ilikuwa saruji. Pale Western Breach, njia ya kupandia upande wa magharibi, iliyashika mawe kwenye mteremko miaka yote. Ikirudi nyuma, mawe yanabaki yameegemea hewa. Januari 2006 yaliporomoka pale na kuua wapandaji watatu kutoka Marekani. Njia ikafungwa, baadaye ikafunguliwa kwa masharti, na kanuni moja kila mwongozaji anaijua: vuka alfajiri, wakati baridi ya usiku bado imeyagandisha mawe mahali pake. Jua likigusa ukingo wa juu, uwe umeshapita.

Niliijua kanuni hiyo. Nilikuwa mwongozaji msaidizi, kikundi cha watu wanne wa Dar es Salaam, kambi ya Arrow Glacier. Jina ni la barafu ambayo siku hizi karibu yote ni kokoto. Tulitakiwa kuondoka saa kumi usiku. Mgeni mmoja alikuwa ametapika, jiko likagoma kuwaka, mkuu wetu akasema tuwaache walale kidogo, wamelipa pesa nyingi. Nikatazama saa. Nikatazama ukuta. Sikusema neno, kwa sababu alikuwa mkubwa wangu na bahasha ya bakshishi ya mwisho wa safari inapita mikononi mwake. Tuliondoka saa moja asubuhi.

Kofia ngumu walikuwa nazo wageni. Sisi waongozaji tulikuwa nazo. Wapagazi walivaa kofia za sufu.

Unachosikia kwanza si kishindo. Ni mlio kama wa mtu anayegonga sahani, ta, ta, mbali juu. Mtu akapiga kelele "Mawe!" na tukajibanza ukutani. Lile la kwanza, ukubwa wa ndoo, lilipita hewani kabisa bila kugusa chini. La pili lilidunda mara moja, likamkuta kijana aliyebeba hema, begani. Mtulinga ulivunjika na mkono ukalegea papo hapo. Angekuwa ameinama kidogo zaidi kufunga kamba ya kiatu, ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Machela ya gurudumu haifiki pale. Tulimshusha kwa zamu, mgongoni na kwa kamba, hadi Lava Tower, na kutoka hapo usiku ukatukuta. Hakulia. Aliniuliza mara moja tu: "Kaka, si mlisema tunatoka saa kumi?" Siku hizi anachoma chipsi Moshi, na mkono ule haupandi juu ya bega. Kampuni ililipa hospitali, ikaishia hapo.

Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza mambo matatu, na uyaulize kwa maandishi. Njia ipi? Kama ni Western Breach na huna sababu kubwa, badilisha. Lemosho inakupeleka vizuri kupitia Barranco na Karanga hadi Barafu. Saa ngapi tunaondoka, na nani ana mamlaka ya kusema leo hatupandi? Na wapagazi wana kofia ngumu? Wakikujibu "usijali, dada," jali. Saa ya kuondoka ikipita, wewe mgeni ndiye mwenye sauti kuliko msaidizi anayeogopa kukosa bahasha. Tumia sauti hiyo.

Mengine ni ya kukumbuka. Ukirudi usitangaze kijijini kwamba mito inakauka kwa kuwa barafu imeisha. Maji ya mifongo yetu, mifereji ya kumwagilia mashamba, sehemu kubwa kabisa, yanatoka msituni, pale mawingu yanapokamatwa na miti. Aliyekata mti kwenye ukanda wa msitu wa Nusu Maili na aliyeacha moto mlimani Oktoba 2020 wametunyima maji zaidi ya Kibo. Kwa hiyo kipisi cha sigara rudi nacho mfukoni. Kule juu ya msitu mimea inashika moto kama nyasi kavu. Na nyinyi wa Dar msidhani maji ya Kibo ndiyo yanayokula ufukwe wenu. Barafu yetu yote ikiisha bahari haitajua. Kinachoipandisha ni maji yenyewe kutanuka kwa joto, pamoja na barafu za mbali, Greenland mbele yao. Ile ikiyeyuka yote ni karibu mita saba. Ukuta wa Barabara ya Barack Obama, kando ya bahari pale Dar, haukujengwa kwa bahati mbaya.

Usiguse kuta za barafu ukitaka picha, zinavunjika bila taarifa. Usiingie kwenye mapango yake. Usikae kreta muda mrefu kwa ajili ya video. Dakika kumi na tano, shuka. Kushuka ni hatari kuliko kupanda, magoti yatakwambia. Vaa miwani ya jua hata kukiwa na wingu. Mwambie mtu nyumbani siku ya kurudi getini Mweka, na ukifika mpigie kabla hujaagiza bia. Soksi kavu ziwe chini ya begi, kwenye mfuko wa nailoni, na usizivae mpaka usiku wa kupanda kileleni.