Mgeni wako akipatwa na msiba wa nchi yake akiwa mlimani

Naandika haya kwa wenzangu tunaopandisha wageni Kilimanjaro, na kwa madereva wa Arusha wanaowazungusha Serengeti na Ngorongoro, hasa ninyi vijana mlioanza kazi juzi. Tumefundishwa kumpima mgeni oksijeni, kumfunga mguu ulioteguka na kumshusha usiku akizidiwa. Sijawahi kukaa darasani nikafundishwa nifanye nini nchi ya mgeni inapopatwa na maafa wakati yeye yuko Horombo, kambi ya vibanda kwenye njia ya Marangu, kwenye likizo yake, na mimi ndiye niliyetangulia kupata habari. Yamenikuta mara mbili. Mara ya kwanza tulikosea vibaya.

Ilikuwa Jumanne, 11 Septemba 2001. Nilikuwa bado mgumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi, nabeba mizigo, na tulikuwa Horombo na Wamarekani watano. Ndege ya kwanza ilipogonga jengo New York, kwao ilikuwa saa mbili na dakika 46 asubuhi, kwetu saa tisa na dakika 46 alasiri. Jioni redio ya betri ya mpishi ikatueleza yote. Kiongozi wetu akakataza mtu yeyote asifungue mdomo mpaka wageni wafike kileleni. Aliona anawahurumia, na nikisema ukweli, aliifikiria tipu pia. Jumatano tukaenda nao Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, wakipiga picha njia nzima. Alhamisi waliporudi Horombo, wageni wa kundi jingine wakawapa pole.

Mama mmoja kati yao alikuwa na kaka anayefanya kazi Manhattan. Hakupiga kelele. Alikuja jikoni tulipokuwa tumekaa, akatutazama mmoja mmoja, akasema: "Siku mbili mmekuwa mkiniangalia nikicheka, na mlikuwa mnajua." Kaka yake alikuwa mzima, tulikuja kusikia. Lakini yale macho yake hayajanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo la kwanza kabisa: usimfiche. Ofisi ikikupigia ikakwambia "wafikishe kwanza", kataa kwa heshima. Msiba ni wake. Kwetu Uchagani mtu akificha kifo ili shughuli iishe, ukoo mzima unamwita kikaoni, na mgeni naye ana ukoo.

Hakikisha, lakini usilale na habari

Mara ya pili nilikuwa kiongozi mwenyewe. Ijumaa, 22 Julai 2011, msimu umepamba moto, vibanda vya Horombo vimejaa. Nilikuwa na familia ya Wanorwe: baba, mama, na binti yao wa miaka kumi na minane. Siku hiyo tulikuwa tumepumzika kuzoea mwinuko, tukapanda kidogo kuelekea Mawenzi tukarudi. Jioni giza linaingia, ofisi ikanipigia kutoka Moshi: bomu limelipuka Oslo, kwenye majengo ya serikali. Lilikuwa limelipuka saa kumi na dakika 25 alasiri kwa saa zetu. Norway wakati wa Julai wako nyuma yetu saa moja tu.

Nilipiga simu mbili. Moja kwa rafiki mwenye televisheni pale Majengo, nyingine kwa mwenzangu aliyekuwa Kibo na wageni wa nchi hiyohiyo. Wote wakasema jambo moja. Hizo simu mbili zinatosha. Siku hizi, tangu intaneti ya kasi ifike Horombo mwaka 2022, unaweza kuhakikisha kwa dakika tano, na mgeni naye anaweza kukutangulia, kwa hiyo usikae nayo ukisubiri wakati mzuri. Hakuna wakati mzuri.

Wakati unahakikisha, angalia ulimi wa timu yako. Tunadhani tukiongea Kiswahili wageni hawaelewi, lakini jina la nchi yao wanalisikia. Mgumu akisema "Norway" mara tatu huku anamwaga maji ya kunawa, mgeni ameshajua kuna jambo. Nanyi madereva, mkipeana habari kwenye redio ya gari, kumbukeni nani amekaa kiti cha nyuma.

Namna ya kusema

Waite pembeni, wote wa familia moja pamoja, wakae chini. Usiwaambie bwaloni mbele ya makundi mengine yanayokula na kucheka. Mimi niliomba kibanda chao, nikaingia na chupa ya chai, nikafunga mlango. Nilisema: "Nina habari mbaya kutoka nyumbani kwenu. Bomu limelipuka Oslo leo mchana. Kuna watu wamekufa. Sijui idadi. Nimehakikisha kwa watu wawili." Halafu nikanyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kugumu. Ulimi unataka kujaza nafasi. Usiseme kazi ya Mungu haina makosa. Najua sisi tunaambiana hivyo msibani na inatufariji, lakini kwa mtu ambaye nchi yake imeuliwa watu inaumiza. "Pole sana" inatosha. Mnorwe anaweza kukaa kimya kabisa, asitoe chozi, akaanza kukunja soksi. Usidhani haumii.

Idadi usiibebe kama ya mwisho. Usiku ule ilikuja pia habari ya shambulio la bunduki kwenye kisiwa cha Utøya, nitaieleza hapo mbele, na tuliambiwa waliokufa kisiwani ni kama kumi. Kesho yake alfajiri polisi wakasema si chini ya themanini. Baadaye ndipo ikathibitishwa: 69 kisiwani Utøya, 8 Oslo, jumla 77. Kila namba ilipotajwa na ikabadilika, yule mama wa Kinorwe alianza kuhesabu upya.

Wala usibashiri nani kafanya. Usiku ule watangazaji wengi wa nje walikuwa wakiwanyooshea kidole Waislamu. Mpishi wetu ni Mwislamu wa Pasua. Alisikia mgumu mmoja akirudia maneno hayo, akaendelea kumenya viazi bila kuinua kichwa. Asubuhi ikajulikana kwamba muuaji ni Mnorwe. Yule kijana alimwomba mpishi radhi, lakini bora asingelisema.

Usiku wa kwanza

Hapa ndipo kazi ilipo, nami nitakaa hapa kidogo.

Habari mbaya haiji yote kwa mara moja. Tulikuwa tumeshawaambia ya Oslo, wameanza kutulia kwa sababu wao si wa Oslo, ndipo saa mbili na nusu usiku ikaja ya kisiwani: mtu mwenye bunduki ameingia kwenye kambi ya vijana wa chama cha Labour. Nikarudi kibandani kwa mara ya pili. Nilipotaja kisiwa, binti akasimama. Rafiki yake alikuwa kambini.

Alishika simu apige. Baba yake akamshika mkono, akamwambia kitu kwa lugha yao. Baadaye alinifafanulia: kama yule rafiki amejificha, mlio wa simu utamfichua. Alikuwa sahihi, vijana wengi waliokuwa wamejificha kule waliwaandikia wazazi wao wasiwapigie. Nawaomba mlikariri hili: kwenye shambulio ambalo bado linaendelea, mgeni aandike ujumbe, asipige.

Akaandika, akangoja. Mtandao ulishika nje tu, kwenye ngazi za kibanda, kwa hiyo alikaa nje, na usiku wa Julai kwenye mita 3,720 ni wa barafu. Baridi inanyonya betri. Simu ilikuwa imebaki na chaji kidogo, akawa anaishika ndani ya glovu na kuipulizia kwa pumzi. Mpishi alichemsha maji, akajaza chupa, akaivika soksi, akaiweka mapajani kwake, simu juu yake. Nikamfunika blanketi, nikakaa ngazi ya chini yake bila kuongea. Saa nne, saa tano. Msaidizi wangu akaja kunipokea zamu saa sita, kama tunavyokesha matangani. Mfiwa haachwi peke yake, na tulikuwa hatujui kama yeye ni mfiwa au si mfiwa.

Kwenye begi langu sasa havikosekani betri ya akiba ninayolala nayo ndani ya sliping begi, na salio la kupiga nje ya nchi. Usiku ule nilikuwa na vocha mbili za elfu tano, zote zikaishia kwa bibi yao aliyekuwa hospitali, ambaye hakuweza kusikia vizuri na aliuliza mara nne kama wao wako salama huko Afrika.

Chakula hawatataka. Usiwaulize watakula nini. Kwetu mfiwa haulizwi, anawekewa uji mkononi. Mpishi alipika uji wa ulezi mwepesi, akaweka sukari nyingi, wakanywa wote watatu bila kugundua kwamba wanakunywa.

Na hapa muwe makini kweli, maana majonzi na ugonjwa wa mwinuko vinafanana. Kichwa kuuma, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu: vyote hivyo ni vya mfiwa na ni vya mlima. Mtu aliyelia usiku kucha bila kunywa maji amejiweka pabaya kwenye mwinuko ule. Usijiambie "ni huzuni tu". Mpime oksijeni jioni na asubuhi, muulize kichwa, hesabu lita alizokunywa, mtazame anavyotembea kwenda chooni. Anayeyumba anashuka, msiba au si msiba.

Kupanda au kushuka

Usiulize usiku huohuo. Waambie uamuzi ni asubuhi, na kwamba njia zote ziko wazi. Asubuhi weka mambo mezani kwa uwazi: kutoka Horombo hadi geti la Marangu ni kama kilomita ishirini, wanaweza kufika leo; wakitaka kuendelea Kibo, inawezekana; wakitaka kugawanyika, msaidizi atashuka na mmoja, kwa sababu hakuna mgeni anayeshuka bila mwongozaji. Mjulishe askari wa hifadhi. Gharama ya siku ya ziada waambie ukweli, lakini mwisho, baada ya mengine yote. Kama kuna ndugu aliyekufa, ofisi ianze mara moja kubadilisha tiketi na kuwasiliana na ubalozi wao Dar es Salaam, ili wakifika uwanja wa ndege wa KIA wasianze kujieleza upya kaunta.

Wengine watataka kupanda. Usiwahukumu. Yule mwenzangu wa Kibo aliwaambia wageni wake usiku uleule kabla ya kuanza safari ya kilele, na wawili kati ya wanne wakasema wanapanda. Nakubaliana naye kwamba aliwaambia. Mahali pekee ninapochelewesha habari ni pale mgeni yuko kwenye changarawe kati ya Kibo na Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, au amezidiwa. Mfikishe kwanza mahali pa kukaa.

Wa kwangu hawakupanda wala hawakushuka. Jumamosi waliomba wabaki palepale, penye mtandao. Saa sita mchana simu ya binti ikalia: mama wa rafiki yake. Mtoto alikuwa ameogelea, watu wa mashua wakamwokoa. Binti aliangua kilio, kilio ambacho hata sisi Wachaga tungekitambua. Lakini kulikuwa na kijana mwingine wa shule yao ambaye bado hajulikani alipo. Jumapili wakasema basi, twende nyumbani. Tukalala Mandara, kambi iliyo chini ya Horombo.

Wagumu

Waambie timu yote mapema na kwa maneno machache. Hakuna kuimba mpaka wageni wenyewe waombe. Tipu isitajwe, atakayeitaja ashughulike na mimi. Vijana wangu waliniuliza kama wanaweza kutoa pole, nikawauliza wageni, wakakubali. Wakapanga mstari, kila mmoja akashika mkono kwa mikono miwili, akasema "pole", akapita. Dakika tatu zikaisha. Baba yule, ambaye tangu Ijumaa hakuwa amelia, alilia kwa mgumu wa tano au wa sita.

Ulizia nyumbani kwao wanafanya nini

Nchi ikipata msiba huwa inapanga saa ya kuomboleza. Ulizia, halafu ipangie ratiba. Norway walitangaza dakika moja ya ukimya Jumatatu, 25 Julai, saa sita mchana kwao, saa saba kwetu. Tulitoka Mandara saa tatu na nusu ili tufike getini kabla ya muda huo.

Geti la Marangu saa saba lina fujo: magari, makundi yanayojiandikisha, mizigo inapimwa. Nilimwendea aliyekuwa kwenye mizani nikamweleza. Akauteremsha mfuko uliokuwa unaning'inia, akauweka chini, akawaambia waliopanga foleni. Habari ikatembea mdomo kwa mdomo. Wagumu wakatua mizigo, madereva wakazima injini. Wale watatu walisimama kwenye nyasi wameshikana mikono, nami nikashika saa. Ndege wa msituni tu ndio waliosikika. Ilipotimia, nikamgusa baba bega.

Jioni hiyo Oslo watu walijaa barabarani na maua ya waridi mikononi. Binti alisoma tangazo la mkusanyiko huo kwenye simu njiani kurudi Moshi, akauliza kama hapa kuna waridi. Nikamwambia yanalimwa mengi upande wa Arusha, yanapelekwa Ulaya kwa ndege. Nikamwomba dereva apitie mjini. Tulipata kumi na mawili, mekundu, yamefungwa kwa gazeti, na muuzaji aliposikia ya nani hakutaka hela yote.